Picha Uliyoianzia Miguuni

Mama mdogo mpendwa,

Ningejua ulipo ningeanza kwa kukujulia hali kama inavyotakiwa, halafu nikakueleza habari za huku: mvua, mahindi, nani kaoa na nani kagoma kuoa. Lakini sijui kama uko Kigoma, au umevuka ziwa kurudi ng'ambo, au uko mahali ambapo salamu hazifiki. Basi naanza na hili lililonikaba. Wiki ijayo napanda treni kwenda kujifunza ile kazi ya Bi Agripina, na tangu nipate taarifa hizo sina raha hata kidogo.

Nakuandikia nikiwa Mpanda mjini, Kashaulili, kwenye chumba nilichopanga nyuma ya fundi cherehani. Mashine yake inatetemesha ukuta wangu tangu asubuhi, kwa hiyo mwandiko ukiuona umepinda usidhani ni kulia. Kulia nimelia jana.

Kazi yenyewe haina jina ambalo watu wa huku watalielewa. Bi Agripina anaiita tiba kwa njia ya kuchora. Ameniombea nafasi ya kujifunza chini yake kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili anakofanya kazi, mbali, siku mbili za treni na basi juu. Baba alijaribu kuwaeleza wenzake baada ya misa, akasema binti yake anakwenda kusomea udaktari wa picha. Sasa kijiji kizima kinajua kwamba nitakuwa nawapiga watu eksirei, na jirani yetu mama Nestori ameshaweka miadi ya mkono wake uliovunjika zamani. Nimechoka kukanusha. Nikisema mgonjwa anapewa karatasi na rangi, anachora mwenyewe, wananitazama kwa huruma na kuuliza dawa atapewa na nani. Swali lao si la kijinga. Hata mimi najiuliza.

Nakumbuka ulivyofika. Ilikuwa baada ya mambo kuharibika tena kule ng'ambo ya ziwa ambako mama anasema ni nyumbani na mimi sijawahi kukanyaga. Wengi walipelekwa kambi za Kigoma. Wachache mliokuwa na ndugu huku kwenye makazi yetu ya wakimbizi wa zamani mlikuja kwa njia zenu. Mlishukia ufukwe wa upande wetu, mkapanda milima ya Mwese kwa miguu, mkiuliza njia kwa watu ambao nao hawakutaka kuulizwa. Ulituingilia mchana, tumekaa nje tunafunga majani ya tumbaku kwenye vijiti, tayari kuyapeleka kwenye bani la kukaushia. Mama alikuangalia, akaweka kijiti chini taratibu, akalitaja jina lako kwa sauti ya mtu anayeuliza. Ulijibu "Ego", yaani ndiyo, na baada ya hapo hukusema tena kitu.

Kazi ya kukuosha miguu iliniangukia mimi. Niliweka maji ya uvuguvugu kwenye karai. Visigino vyako vilikuwa vimepasuka, na ndani ya mipasuko kulikuwa na udongo mwekundu wa Mwese ambao ulikataa kutoka, ikabidi nitumie kijiti cha kiberiti. Nikaona kidole chako kidogo cha mguu wa kulia kimelala juu ya mwenzake, vilevile kama cha mama, vilevile kama changu. Nikakuonyesha mguu wangu. Uliutazama muda mrefu, halafu ukaugusa. Hiyo ndiyo salamu yetu ya kwanza, mimi na wewe.

Baba alisema tusikuandikishe. Mgeni mpya akijulikana anapelekwa kambini, na mama hakutaka kukupoteza tena baada ya kukupata. Ukaambiwa ukiulizwa useme umetoka kijiji cha pili. Agizo hilo halikukupa taabu, kwa kuwa hukuwa unasema chochote kwa mtu yeyote. Ulifunga tumbaku, ulisuka makapu, ulikula kidogo, ulilala umeuelekea ukuta. Majirani walikuja kukaa nawe kama desturi, wakakwambia ihangane, ihangane, vumilia. Mama akakuombea, padri akakuombea, na mimi nikakaa karibu yako na makuti yako ya kusukia nikiwa sina hata neno moja la kukupa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Nilijua kueleza jinsi mvua inavyotokea, na sikujua nifanye nini na mtu aliyekaa hatua moja kutoka kwangu.

Kiangazi kilichofuata akaja Bi Agripina. Unamkumbuka: Mhaya, mfupi, mcheshi, na miwani iliyofungwa kwa uzi. Gari la shirika la misaada lilimshusha shuleni na maboksi ya karatasi za manila na kalamu za rangi. Alitaka msaidizi anayejua Kirundi na Kiswahili, aliyesoma sekondari, na asiye na shughuli. Kwa sifa ya tatu niliwashinda wote.

Alinifundisha namna ya kukaa na watoto wanaochora. Mtoto akikupa picha usimwulize hiki ni nini. Mwambie, nielezee hapa. Usisifu, usisahihishe, usimmalizie mstari. Kazi yako ni kukaa. Nami mikono ilikuwa inaniwasha, nikiona nyumba imekosa mlango nataka kuuweka. Alikuwa ananipiga kikofi kidogo mkononi na kucheka. Kalamu ya kahawia ndiyo iliyokuwa inakwisha kwanza, kwa kuwa watoto wote walipaka kahawia watu, nyumba, njia, mbuzi, kila kitu. Bi Agripina akahangaika siku nzima kutafuta maana yake mpaka nikamtoa nje ya darasa nikamwonyesha kijiji.

Wewe ulikuja siku moja kuniletea viazi. Mama ndiye aliyekutuma, nadhani kwa makusudi. Ukasimama mlangoni, ukatazama watoto, ukatazama karatasi zilizobandikwa ukutani, halafu ukaingia na kukaa chini bila kukaribishwa. Bi Agripina alikupa manila nzima. Ukaiweka mapajani kama ungo.

Watu wote ninaowajua huanza na kichwa. Duara, macho, mdomo, halafu vijiti vya mikono. Wewe ulianzia miguuni. Ulichora viatu, kimoja kimefungwa kwa kamba, halafu miguu ya suruali, mkanda, koti lenye mfuko mmoja, ukipanda juu mzunguko kwa mzunguko vile unavyosuka kapu kuanzia kitako chake. Nilikuwa nakutazama badala ya kutazama watoto. Uso uliuacha mpaka mwisho, na ulipoufikia ulipunguza mwendo, ukawa unaweka mstari na kungoja. Mchana ulishapinduka. Watoto walikwenda kula wakarudi. Ukainua ile karatasi, ukaiweka mbali kidogo na macho, ukasema kwa Kiswahili chenu cha kuazima:

"Sikio la kushoto nimekosea. Nipe nyingine."

Mama mdogo, sijui kama uliwahi kujua tulivyofurahi siku ile. Nilikimbia mpaka nyumbani. Mama alikaa chini kwenye vumbi na kanga yake safi ya kanisani akalia, halafu akainuka akakamata kuku. Baba akauliza umesema nini. Nikamwambia umesema umekosea sikio. Akasema hata kama angesema ni mimi niliyekosea, achinjwe tu huyo kuku.

Ukawa unakuja kila siku, wakubwa wengine wakaanza kukufuata, na kila siku ulikuwa unamchora mtu yuleyule, mumeo Melkiori. Na sasa ulikuwa unasema, kidogo kidogo, hasa juu yake. Kwamba sikio lile lilipungua kipande tangu utotoni kwa kung'atwa na mbwa. Kwamba mkono wake wa kulia ni mzito kwa sababu ndio wa kushikia baiskeli ya mizigo. Kwamba ufukweni alikusukuma kwenye mtumbwi wa kwanza akasema yeye anakuja na wa pili. Hayo ulimwambia mama jikoni, na mama akaja kunieleza akiwa ameshika mwiko mkononi. Bi Agripina alisema unarudi. Alisema mtu akipata mahali pa kuliweka jambo nje ya kifua chake, anaweza kuanza kulitazama. Mimi nikamwamini kabisa. Nilitazama zile picha zako zinavyozidi kuwa nzuri nikasema hii ndiyo kazi yangu, nitaifanya mpaka nife, hata kama sijui inasomewa wapi.

Ndipo akatokea mzee Masanja.

Alitoka Mwamkulu na fimbo yake na kofia, Msukuma mrefu, mstaarabu sana. Akasalimia, akapewa kiti, akangoja zamu yake katikati ya watoto. Ilipofika akaomba tumchoree maksai. Mwekundu, tumbo jeupe, pembe ya kulia imevunjika ncha. Nikadhani anataka picha ya kubandika kwake. Nikasahau mafunzo yote nikamchorea mwenyewe, kwa raha zangu. Aliichunguza, akaridhika, akanirudishia. Akauliza maksai atapatikana baada ya muda gani, maana kapotea tangu mwezi uliopita na anahofia kapelekwa njia ya Sumbawanga.

"Nasikia nyie mkichora kilichopotea, kinatafutwa," alisema. "Mifugo hamtafuti?"

Nilicheka, na nikaona hacheki. Nikageuka kuzitazama picha zilizokuwa ukutani. Nilikuwa nimezitazama siku zote hizo na sikuwa nimeziona. Bi Agripina alitarajia moto na bunduki, na akawa anashangaa mbona hamna. Zilikuwa nyuso tu. Mama mwenye pengo. Kaka mwenye kovu juu ya jicho. Babu mwenye kidole pungufu. Bibi mwenye kitenge cha maua makubwa, na maua yamehesabiwa. Kila picha ina alama. Watoto na wakubwa wote walikuwa wanatoa maelezo ya watu waliopotea.

Na wangefikirije vinginevyo? Pale stesheni na mlangoni pa kanisa kulikuwa na mbao zimebandikwa picha za watoto waliopotezana na wazazi, na watu walikuwa wakienda kuzitazama kila wiki. Waliokuwa na picha za kupigwa walikuwa na bahati. Asiye na picha alikuwa hana cha kupeleka, mpaka akaja mama mwenye miwani na maboksi, anayesema chora mtu wako, na kila mwisho wa wiki anazikusanya karatasi na kuzipakia kwenye gari la shirika. Huku makazini hakuna mtu aliyewahi kuona karatasi inayoondoka na gari la shirika isiwe na kazi. Karatasi ndizo zilizotupa mashamba, ndizo zilizotupa majembe. Hata mimi ningeamini, kama nisingekuwa msaidizi.

Bi Agripina aliumia sana. Aliita mkutano chini ya paa la shule, akaeleza mwenyewe, na mimi nikatafsiri. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Kwamba picha hizi hazipelekwi kambini. Kwamba hakuna mtu anayezilinganisha na watu. Kwamba ni za kumpumzisha aliyechora. Watu waliitikia kwa vichwa, kwa adabu, kama wanavyoitikia kila mara shirika linaposema haliahidi kitu. Wewe ulikuwa umekaa nyuma na makuti yako. Ukainua mkono, mtu ambaye kijiji kilikuwa hakijawahi kusikia sauti yake.

"Kama haziendi kokote, mnazichukua za nini?"

Nikamtafsiria. Bi Agripina alivua miwani. Angeweza kujibu kitaalamu, na majibu anayo, nimeyasikia baadaye na si mabaya. Lakini alisema tu kwamba una haki, akaenda garini, akashusha boksi, akaanza kumrudishia kila mtu picha yake. Wengi walipokea. Wengine walikataa, wakasema ziende tu, huwezi kujua. Na gari lilipowashwa niliwaona kwa macho yangu akina mama wawili wakimpenyezea dereva karatasi zao dirishani.

Pengine mambo yangetulia. Lakini yule maksai akarudi. Alikuwa amechanganyika na kundi la mtu mwingine hukohuko Mwamkulu, hakuwa amekwenda Sumbawanga wala wapi. Mzee Masanja akatuletea kibuyu cha maziwa, akasimama mbele ya shule, akatushukuru hadharani kwa sauti ya mnada. Kuanzia hapo hata ningeapa juu ya altare nisingeaminika. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikieleza kwamba ng'ombe alijirudia mwenyewe, watu wakinikaribisha viazi na kutabasamu, wakiona ninaficha siri za kazi.

Wewe hukutabasamu. Ulianza kufunga mkeka wako uende kambi za Kigoma.

Mama alikusihi. Baba akasema ukikamatwa njiani huna karatasi yoyote ya kukutambulisha. Mimi nilijua kwamba usiponisikiliza mimi hutamsikiliza mtu, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa nawe siku zote zile, na mimi ndiye niliyekuwa najua picha ni kitu gani. Nikakufuata bani, ulikokuwa unakusanya vijiti, nikakwambia nilichokuwa nacho.

"Mama mdogo, picha haitafuti mtu."

"Najua, mwananje, mwanangu," ulisema. "Ndiyo maana naipeleka mimi."

Nimesoma vile vitabu viwili alivyoniachia Bi Agripina, nimetafuta ukurasa baada ya ukurasa mahali ambapo msaidizi anaambiwa jibu la hilo, na hakuna.

Nikakusindikiza stesheni. Treni ilichelewa kama kawaida yake. Tulikaa juu ya magunia ya mtu, picha imo ndani ya mkeka, na ukanitolea niiangalie mara ya mwisho. Sikio lilikuwa limekaa sawa. Ukaniambia wewe unajua kuandika, niandikie jina lake hapo, chini ya viatu. Nikaandika MELKIORI kwa herufi kubwa, kwa kalamu ya kahawia. Ukanipangusa vumbi usoni kwa kiganja, ukasema utarudi kufunga tumbaku. Nilikushika mkono mpaka behewa lilipoanza kwenda, nikawa natembea pembeni yake, na halafu likanizidi.

Tumbaku imefungwa bila wewe misimu mingi sasa.

Habari zako tulipata mara moja. Mtu mmoja muuza mawese alitoka Kigoma, akasema katika kambi moja kulikuwa na mama anayesimama kwenye foleni ya maji, si kuchota, ila kuonyesha watu picha. Akasema karatasi ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo, kwa hiyo mama huyo ameichora upya kwa mkaa kwenye kitambaa cha gunia. Mama akauliza, alianzia wapi kuichora? Muuza mawese akashangaa swali gani hilo. Hakuwa ameona.

Mimi niliendelea. Baada ya maboksi kuisha nilitumia mkaa na udongo wa kusiribia nyumba. Niliomba kukaa na watoto wa shule za huku mjini, wale ambao walimu wamewashindwa, na walimu wakaniruhusu kwa kuwa sikudai kitu. Kuna binti mmoja wa Mwamkulu, mama yake alifariki akijifungua, alikuwa anachora zizi tu. Zizi, na ng'ombe ndani, na halina mlango. Nilikaa naye. Nilimwambia nielezee hapa, akakataa, nikakaa. Miezi ikapita, na siku moja zizi likawa na mlango. Alianza kucheza na wenzake, na bibi yake akanibebea karanga na kunishukuru mpaka nikaona aibu. Mama mdogo, sikufanya kitu. Sijui kilichotokea. Bi Agripina anaandika kwamba ndivyo kazi ilivyo, kwamba nitazoea kutokujua. Nami naogopa kwamba nitazoea kweli.

Mwaka huu nilikwenda ofisi moja ya kutafuta waliopotea. Kijana wa pale alikuwa mwema, alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza namba yako. Nikasema huna. Akauliza uliandikishwa kijiji gani. Nikaeleza. Akauliza kama kuna picha yako, yoyote, hata ya kikundi, hata ya mbali. Hatukuwahi kukupiga picha, kila mara mpiga picha alipokuja kijijini ulikuwa unaingia ndani, na tulikuwa tunakusifu kwa hilo. Kijana alikunakuna mkono wake, akasema kwa upole, "Dada, kwa karatasi zetu huyu mama hajawahi kuingia nchi hii." Kisha akaongeza kwamba ni vigumu kumtafuta mtu ambaye hajafika.

Nilitoka nikasimama nje kwenye jua. Nina hasira, na sijui ni na nani. Baba alikuficha kwa upendo. Bi Agripina alitaka kukupumzisha. Mzee Masanja alishukuru tu. Nami nilikutafsiria kila neno sawasawa. Kila mmoja wetu alikupa alichokuwa nacho, na wewe ukapotea mikononi mwetu.

Basi nimekuchora, mama mdogo. Mimi, niliyezunguka nyumba kwa nyumba nikiwaambia watu kwamba picha haitafuti mtu. Nimenunua manila moja hapa sokoni, nimeitandika sakafuni, na nimeianzia miguuni.

Miguu haikunisumbua. Nilivua viatu nikatazama yangu, nikaongeza ile mipasuko. Kidole kidogo kimelala juu ya mwenzake. Kanga ya zambarau uliyopewa na mama, nayo naikumbuka. Mikono, makuti, kapu ambalo halijamalizika. Nilipanda mzunguko kwa mzunguko kama nilivyokuona ukifanya, nikafika shingoni. Na hapo nimekaa tangu juzi. Uso wako haunijii. Ninajua ulivyogeuka, ninajua kiganja chako usoni kwangu na joto lake, lakini nikiweka mstari wa shavu unakuwa wa mtu mwingine. Mama alikuja mjini akajitolea nimtazame yeye, kwa kuwa mlifanana. Alikaa kitini bila kutikisika saa nzima, amevaa kanga nzuri, anajitahidi uso wake uwe wako. Nikachora. Ikatokea picha ya mama. Sote wawili tuliitazama, kisha nikaufuta uso kwa kipande cha mkate, maana sina kifutio.

Nitaibandika hivyohivyo. Siku ya safari nitawahi stesheni na gundi ya unga, niiweke kwenye ule ubao wa waliopotea, karibu na dirisha la tiketi. Chini ya miguu nitaandika jina lako kwa herufi kubwa. Fundi cherehani ameiona, akaniuliza kwa nini nahangaika na picha isiyo na kichwa, nani atamtambua mtu kwa vidole vya miguu. Halafu nitapanda treni, nitakwenda kujifunza kuwaambia watu wachore wanaowauma, na kwa kila atakayenipa karatasi yake nitasikia swali lako la mkutanoni, na nitaipokea kwa mikono miwili.

Usiku mwema popote usiku unapokukuta. Mama anakusalimu, baba anakusalimu na kusema kuku yupo. Ukija kupita pale stesheni, usipite tu. Simama uitazame, uiweke mbali kidogo na macho, uniambie nilipokosea. Karatasi nyingine nitakupa.

Mimi,
mwana wa dada yako, mwenye mguu kama wako,
Kolotilda